Aliyekikalia Tunamjua, Aliyekichonga Je?

Wahenga walituachia msemo kwamba mgeni aje mwenyeji apone, lakini hawakutwambia mgeni huyo akishafika atakaa wapi. Swali hili, ambalo huenda msomaji akaliona dogo, ndilo lililonipeleka kwa mafundi wa Kayole mwezi wa Rajabu uliopita, na tangu niliporudi Mombasa halijanitoka kichwani.

Binti yangu ameolewa Nairobi. Yeye na mumewe wamepanga nyumba ya ghorofa ya nne huko Kayole, si mbali na barabara ya Spine. Nilipokwenda kuwazuru nilikuta sebule safi, zulia limetandikwa, matakia yamepangwa ukutani, udi unanukia, wala hapana hata kiti kimoja. Mimi sikuona ila. Nimelelewa mkekani, nikasomea chuoni mkekani, na mpaka leo nikitaka kuandika beti hushuka chini. Lakini mwanangu aliniandalia chai kisha akanambia kwa sauti ya chini, "Baba, majirani zangu hapa ni watu wa kila kabila. Mama mmoja alikuja kunitazama nilipokuwa mgonjwa, mtu mzima wa magoti mabovu, akabaki amesimama mlangoni mpaka alipoondoka. Niliona haya."

Basi nikamwahidi sofa. Nilipomwoza sikuwa na uwezo wa kumpa tunu ya maana, na deni la mzazi kwa mwanawe halina tarehe ya kuisha.

Wasomaji wangu wa pwani ambao huijua Nairobi kwa stesheni ya mabasi na Msikiti wa Jamia tu, niwaeleze kidogo. Kayole iko mashariki ya jiji, katika mitaa ile iitwayo Eastlands. Ilianza kupimwa na kujengwa katika miaka ya 1980, katika mpango wa Baraza la Jiji uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambapo raia alipewa kiwanja chenye maji na choo, kisha akajijengea mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Leo vile viwanja vimeota maghorofa, yamebanana mabega kama watu walio katika safu ya sala. Na chini ya maghorofa hayo, kando ya barabara, chini ya mabati na turubai, wako mafundi: wa kuchomelea chuma, wa kushona, wa kuranda mbao, wa kutia sponji viti. Jua kali, kama tuwaitavyo. Jua lenyewe huwa kali kweli, na vumbi la matatu halina huruma.

Fundi tuliyemwendea ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa upande wa Machakos. Alikuwa amepanga viti vyake juu ya mawe visilowe, amevifunika karatasi za nailoni. Nikamuuliza, "Fundi, una sofa gani?" Akanijibu, "Mzee wangu, wewe nionyeshe unayotaka, mimi nitatengeneza." Akatoa simu yake akaanza kunionyesha picha. Zilipita picha kama hamsini mbele ya macho yangu: viti vya vifungo vingi mgongoni waviitavyo Chesterfield, viti vya umbo la herufi L, viti vya mahameli ya rangi ya kijani na miguu ya dhahabu. Kisha ikapita moja iliyonifanya nimshike mkono. "Hebu rudi nyuma."

Lilikuwa sofa la watu wawili. Matakia manene meusi ya ngozi yamekaa ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, na fremu yenyewe iko nje, inaonekana yote, kama mbavu za jahazi ambalo halijapigwa mbao. Limenyooka kotekote. Mikono yake imelingana kimo na mgongo. Fundi akacheka, "Hiyo ni ya kisasa sana, mzee. Ni ya ng'ambo."

Ni ya ng'ambo, naam, lakini si ya kisasa hivyo. Niliporudi nilifanya utafiti wangu, na msomaji akinivumilia nitamsimulia, maana kisa chenyewe kina mafunzo.

Umbo hilo lilibuniwa Paris mwaka 1928, na lilionyeshwa hadharani mwaka 1929 katika maonyesho makubwa ya majira ya vuli ya mji huo. Waliolibuni ni watatu: msanifu majengo aliyejiita Le Corbusier, binamu yake Pierre Jeanneret, na bibi mmoja kijana jina lake Charlotte Perriand. Walichofanya si kuzua kitu kutoka hewani. Walikitazama kile kiti kikubwa cha mikono ambacho mabwana wa Kiingereza walikuwa wakikikalia katika vilabu vyao, kiti cha zamani, kizito, kilichoshindiliwa manyoya na springi, kisha wakakigeuza ndani nje. Mifupa iliyokuwa imefichwa tumboni wakaitoa ikaonekana, na nyama wakaiweka ndani ya mifupa kama matunda kapuni. Kutoka kiti cha mtu mmoja wakatanua likawa sofa. Kwa hiyo hilo sofa la kisasa, ambalo matajiri wa dunia hulinunua kwa fedha nyingi, ni mjukuu wa kiti cha babu. Hakuna ubunifu usio na wazee.

Kisa cha huyo bibi Perriand ndicho kilichonigusa zaidi. Alipokwenda kwanza kuomba kazi kwa Le Corbusier mwaka 1927, alifukuzwa kwa kejeli kwamba ofisini humo hawakuwa wakitarizi mito. Baadaye bwana yule alipokwenda kwenye maonyesho na kuiona kazi ya mikono yake, alimwita mwenyewe akampa kazi, naye alikuwa na miaka 24 tu. Vile viti maarufu alivifanyia kazi kubwa. Lakini kwa miaka mingi watu walipovitaja, walitaja jina moja tu, la bwana mkubwa. Jina la bibi lilikwenda likasimama nyuma ya mlango. Perriand aliishi mpaka mwaka 1999, akawahi kuona sifa zake zikianza kurudishwa, lakini si kila fundi hujaaliwa umri mrefu namna ile.

Nirudi Kayole. Kwa nini nilimshika fundi mkono? Kwa sababu katika ile picha nilikiona kiti cha babu yangu.

Wale waliolelewa katika nyumba za mawe za Mombasa, Lamu, Pate au Unguja wanajua ninachosema. Kiti cha enzi, au kiti cha mpingo kama wengine walivyokiita: mbao nyeusi zilizonyooka, mgongo mrefu ulio wima, mikono mipana, mahali pa kuwekea miguu, na kati ya mbao hizo vidirisha vilivyosukwa kwa uzi, vikiwa vimezungukwa na nakshi ndogo ndogo za pembe au mfupa. Humo mifupa imo nje, haikufichwa. Hakina mahameli wala kifungo. Kinasimama kwa haki ya mistari yake tu. Chetu kilikuwa Kibokoni, katika nyumba ya babu, na sisi watoto tulikatazwa kukikalia. Alikalia mgeni mwenye heshima, au mwanachuoni aliyekuja kusoma maulidi. Nilipokuwa bado chuoni, ami yangu mmoja alikiuza kwa mnunuzi wa vitu vya kale kwa fedha zilizoisha kabla ya mwezi kuandama. Sijakiona tena. Kila ninapokwenda Jumba la Makumbusho la Lamu huvitazama viti vya namna hiyo kama mtu atazamaye watoto wa wenzake.

Nikamweleza fundi haya yote, nikamchorea kwa chaki juu ya ubao wake. Alitazama kwa makini, akauliza mambo ya maana: upana wa mkono, pembe ya mgongo, miguu ya mbele imeungwaje na ya nyuma. Nilijibu nilichoweza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mzee, na hiki alitengeneza nani?"

Nikafungua kinywa nimjibu. Nilikuwa tayari kumwambia kwamba kilikuwa cha babu, na kabla yake cha baba yake babu, aliyekipata kwa fulani bin fulani wa Lamu. Ningeweza kumtajia waliokikalia mpaka kizazi cha tano, kwa nasaba zao na nyumba zao. Lakini yeye hakuniuliza nani alikuwa nacho wala nani alikikalia. Aliuliza nani alikitengeneza. Na hilo, wallahi, silijui. Wala babu hakulijua. Wala katika maisha yangu yote ya kuandika makala juu ya utamaduni wetu, sikupata kujiuliza.

Msomaji mwema, hapa ndipo penye shabaha ya makala yangu. Sisi watu wa pwani tunajivunia ustaarabu wetu, na tuna haki. Lakini fahari yetu imeegemea waliokaa, haikuegemea waliosimama wakifanya kazi. Tunawajua masultani, makadhi, mashekhe na matajiri wa majahazi. Mkono uliochimba nakshi katika mlango, mkono uliosuka uzi katika kile kiti, hatukuuandikia hata mstari mmoja. Huenda alikuwa muungwana maskini. Huenda alikuwa mtumwa. Hatujui, kwa sababu hatukutaka kujua. Kisha leo, Mzungu akiandika kitabu juu ya viti vyetu asimtaje fundi, tunamlaumu yeye!

Wataalamu wamejadiliana sana juu ya asili ya kiti cha enzi. Marehemu James de Vere Allen, aliyewahi kulisimamia jumba la makumbusho la Lamu, aliandika mwaka 1989 makala nzima juu yake. Wako wanaoona ndani yake Misri ya enzi za Mamluki, wako wanaoona Andalusi, na wako wanaoona mikono ya Wareno na Wahindi. Mimi si wa kuamua kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba bahari yetu haikupata kuwa na ukuta, na kwamba pembe ya ndovu iliyopambia viti hivyo haikuvuliwa kwa nyavu pwani. Ilitoka bara, juu ya mabega ya watu wa bara. Kwa hiyo yule ndugu yangu wa Mombasa aliyenikasirikia nilipomsimulia habari hizi, akasema kwamba ni aibu kumpa fundi wa Machakos umbo la kiti cha waungwana, namjibu kwa adabu: bara imo ndani ya kiti hicho tangu siku ya kwanza kilipopambwa.

Na wala si sisi tu. Mwaka 1958 fundi mbunifu wa Denmark, Børge Mogensen, alitoa kiti cha ngozi chenye mikono mipana kiasi cha kuwekea kikombe, akakiita kiti cha Kihispania, kwa sababu alikiiga kutokana na viti vya kale alivyoviona safarini Hispania, katika nchi iliyokaliwa na Waislamu karne kadha wa kadha. Mwaka 1921, katika chuo cha Bauhaus huko Weimar, Ujerumani, vijana wawili, Marcel Breuer na Gunta Stölzl, walitengeneza kiti kirefu chenye kitambaa kilichofumwa, ambacho kimekuja kujulikana kwa jina la kiti cha Kiafrika. Mafundi wawili hao wa Kizungu tunawajua kwa majina. Mwafrika yeyote ambaye kazi yake iliwapa fikra hiyo hana jina.

Hata neno lenyewe sofa, kabla hatujalichukua kwa Waingereza, Waingereza walilipata kwa Waturuki, na Waturuki kwa Waarabu. Asili yake ni suffa, na suffa kila aliyesoma chuoni anaijua. Ni pale mahali palipoezekwa katika msikiti wa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, Madina, walipokuwa wakilala masahaba mafakiri wasio na makao, akiwamo Abu Huraira, Mungu amridhie. Watu wa Suffa. Neno ambalo leo maana yake ni starehe ya mwenye nacho lilikuwa makao ya asiye na kitu. Nalitaja hili ili tujue, tunapokalia sofa, kwamba jina lake linatukumbusha nani.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana si haki kuwahubiri watu huku nimejificha nyuma ya mimbari.

Fundi alitaka shilingi 45,000 kwa sofa la watu watatu. Mimi, mwana wa Mombasa niliyezoea soko la Marikiti, nikaanza kuvuta kamba. Nikasema yangu, nikaondoka hatua tatu, nikaitwa, nikarudi. Tukapatana 38,000. Nikampa arubuni nikaenda zangu nikijiona mjanja. Njiani binti yangu alikuwa kimya. Nilipomuuliza ana nini, akasema, "Baba, umemuuliza mambo mengi yote, hukumuuliza anabaki na nini."

Kesho yake nikarudi nikamuuliza. Hakulalamika, alinihesabia kwa kidole juu ya vumbi la meza. Mbao 7,000. Sponji nzuri, ile isiyolala baada ya miezi sita, 12,000. Kitambaa 8,500. Springi, gundi, misumari na mikanda 3,500. Kodi ya kiwanja na stima kwa kazi hiyo 1,500. Jumla 32,500. Katika bei yangu zilibaki 5,500, za kugawana watu watatu, yaani yeye, mshonaji na kijana wa kuranda, kwa kazi ya siku nane. Msomaji na atie hesabu mwenyewe: haifiki shilingi 230 kwa mtu kwa siku. Nami nilikuwa nimetoka kumhutubia juu ya heshima ya mafundi wa kale!

Akanambia zaidi. Liko duka moja mjini ambalo hununua sofa zake kwa 36,000, likazibandika karatasi kwamba zimetoka Uturuki, kisha likaziuza kwa 110,000. Yeye mwenyewe aliwahi kuingia humo, akaikuta kazi yake inamulikwa taa, akaijua kwa namna anavyopiga pindo la kona. Mwuzaji akamwambia asiguse.

Nilipolisikia hilo damu ilinichemka, kwa sababu jambo hilo nalijua. Mimi nimepata kukaa arusini nikasikia shairi langu linaimbwa, beti kwa beti, vina vyangu na mizani yangu, na mwimbaji akashukuru mtunzi mwingine. Nilirudi nyumbani nikaandika makala kali. Watunzi wenzangu waliniunga mkono. Lakini katika miaka yote ambayo sisi washairi tumepigania majina yetu yatajwe, ni mara ngapi tumeuliza jina la aliyetutengenezea meza tunayoandikia?

Huenda mtu akasema: lakini huyo fundi wako naye ni mwigaji! Anatoa picha katika simu, ananakili kazi ya watu wa Paris, kisha analia ameibiwa. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipita pembeni. Kunakili kazi ya mtu kisha ukasema ni yako ni wizi, awe anafanya hivyo tajiri au maskini. Na sofa bandia lililopachikwa jina la kampuni ya ng'ambo ni uongo hata likiwa zuri.

Hata hivyo, tutazame kwa makini kilichofanyika Kayole. Ngazi za maghorofa yale ni nyembamba, watu wawili hawapishani. Sofa kubwa haliwezi kupanda ghorofa ya nne; nimeona kwa macho yangu likivutwa kwa kamba kupitia roshani, watu wanapiga kelele chini kama wanaopandisha tanga. Basi fundi huyu amebuni njia yake. Mikono ya sofa lake inafunguka. Mgongo unafunguka. Miguu inafunguka. Kila kiungo kina bolti iliyozama ndani ya mbao isiyoonekana, na vipande vyote vinapita mlangoni kimoja kimoja, kisha sofa linaungwa upya sebuleni kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Hilo halimo katika ile picha ya Paris. Limetoka katika ngazi za Kayole, katika shida ya watu wa Kayole, na katika kichwa cha mtu mmoja wa Kayole. Kama huo si ubunifu, basi neno hilo tulifute katika kamusi.

Bibi Perriand mwenyewe, alipoalikwa Japani mwaka 1940 kuishauri serikali ya huko juu ya kazi za mikono, alikichukua kile kiti cha kulalia cha chuma alichokibuni na wenzake Paris, akakitengeneza upya kwa mianzi, kwa namna ya mafundi wa Kijapani. Hakuona aibu kujifunza kwa mwenye mianzi. Ndivyo sanaa inavyokwenda: huyu humpa yule, yule huongeza lake. Kinachoharamisha si kupokezana, bali ni kuficha ulipokea kwa nani, na kumnyima aliyekupa.

Kwa hiyo nilirudisha bei ya 45,000. Sikufanya hivyo kwa ukarimu, na msomaji asinisifu. Nilirejesha kilichokuwa si changu. Mtume wetu alituusia kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Sisi tumelisoma agizo hili tangu utoto, tukalifahamu kuwa ni habari ya kuharakisha malipo. Mimi nafikiri pia ni habari ya kulitazama lile jasho, kujua kwamba lipo, na ni la nani.

Sofa likatengenezwa. Fremu ya mbao iko nje, imenyooka, kama ile ya picha na kama kile kiti cha Kibokoni. Matakia yamekaa ndani, ya rangi ya samawati aliyoichagua binti yangu. Nilitaka mgongoni tutie vidirisha vya uzi wa kusukwa, kama katika kiti cha enzi. Fundi akaniambia, "Sawa mzee, nifundishe kusuka." Nikashika uzi. Nikajaribu asubuhi nzima mbele ya vijana wake, na nilichokisuka hakikufaa hata kufungia kuku. Mimi mwenye kuandika juu ya mila, sijui kusuka. Nikampigia simu mzee mmoja wa Lamu. Akasema aliyejua alikuwa baba yake. Basi mgongo ukatiwa kitambaa, na lile jaribio langu nimelichukua nimelitundika chumbani kwangu, linikumbushe.

Ninayoyaomba ni machache. Majumba yetu ya makumbusho, ya Lamu na ya Fort Jesus, yawafungulie mafundi seremala milango, wa pwani na wa bara, waje na futi zao na penseli zao wapime viti hivyo, maana kitu kisichopimwa hakirithiwi. Wazee wachache waliobakia na elimu ya kusuka na kupachika nakshi watafutwe leo, kesho tutakuta makaburi. Mafundi nao wajue kwamba nchi hii ina Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001, inayomwezesha mtu kusajili umbo alilolibuni; fundi wangu alikuwa hajapata kuisikia, na chama cha mafundi kinachofaa kwa jina hilo kingeanzia hapo. Na sisi wanunuzi, kabla ya kuvuta kamba ya bei, tuulize lile swali la binti yangu: utabaki na nini?

Siku ya kulipandisha sofa, vijana walibeba vipande ngazi baada ya ngazi, wala hapakuhitajika kamba. Lilipokwisha kuungwa, nilimwomba fundi aligeuze upande. Nikampa kalamu ya wino usiofutika, nikamwambia aandike jina lake chini ya kikalio, na mwaka, na Kayole. Akasitasita. Akasema hakuna mteja aliyepata kumwomba hivyo. Akaandika kwa herufi kubwa, polepole, kama mtoto anayeandika ubao wake wa kwanza chuoni.

Yule mama wa magoti mabovu alikuja siku ile ile. Alikaa. Akajinyoosha, akapapasa mbao ya mkono, akauliza, "Hii mumenunua wapi?" Binti yangu akamjibu kwa jina la fundi.

Nami, kama ilivyo desturi yangu, naaga kwa ubeti mmoja:

Kiti umekikalia, wala humjui fundi,
Mbao amekupimia, akaziunga kwa gundi,
Ujira ukimlia, dhuluma Mungu hapendi,
Jina ukimwandikia, litadumu kila pindi.